Mkasi na Sauti: Touch of Evil na Swali la Kazi Iliyokamilika

Kuna kasumba moja katika uhakiki wetu ambayo ningependa tuijadili waziwazi. Tunapoichambua filamu, tunaichambua kana kwamba ni riwaya iliyovikwa picha. Tunaorodhesha dhamira, wahusika, mandhari na ujumbe, kisha tunamgeukia mwongozaji na kumkabidhi heshima yote ya utunzi. Mhariri aliyekata na kuunga vipande hatumtaji. Mtu wa sauti ndiyo kabisa, hata jina lake hatulijui. Eti hao ni mafundi tu, wanaitwa mwishoni kupaka rangi nyumba ambayo msanii ameshaijenga.

Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo kwa kufuatilia historia ya filamu moja, Touch of Evil ya Orson Welles, ambayo ilitoka mwaka 1958 na ikatoka tena kwa sura nyingine mwaka 1998. Kati ya miaka hiyo miwili hakuna mwigizaji aliyerudi mbele ya kamera. Hakuna hata onyesho moja jipya lililopigwa. Kilichobadilika ni mpangilio wa vipande na sauti iliyowekwa juu yake, lakini maana ya filamu ilibadilika pamoja navyo. Hoja yangu ni kwamba uhariri na sauti ni sehemu ya utunzi wenyewe, na kwamba mhakiki asiyeuliza "hili ni toleo gani?" bado hajaanza kazi yake.

Msingi wa hoja

Wazo kwamba maana huzaliwa kwenye maungio si geni. Wahakiki wa filamu hupenda kutaja jaribio la Mrusi Lev Kuleshov, lililofanywa miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1917. Inasimuliwa kwamba alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha jambo lolote, akauunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha akauunganisha uso uleule na picha ya jeneza, kisha na picha nyingine tena. Watazamaji waliuona uso huo ukiwa na njaa, halafu ukiwa na huzuni, nao wakamsifu mwigizaji kwa ufundi wake. Mozzhukhin hakuwa ameigiza njaa wala huzuni. Maana iliundwa na mkasi, na mtazamaji akaimalizia kichwani mwake.

Sauti nayo ilileta mjadala wake mapema. Filamu ya The Jazz Singer ilipotoka Marekani mwaka 1927 na kufungua mlango wa sinema ya maneno, haukupita mwaka kabla Eisenstein, Pudovkin na Alexandrov hawajatoa tamko lao la mwaka 1928. Walihofu kwamba sauti ikitumika kuirudia picha tu, yaani mlango ukifungwa tusikie mlango na mtu akifungua mdomo tusikie maneno, basi sanaa ya kuunganisha vipande itakufa. Walitaka sauti ishindane na picha, ipingane nayo, iongeze jambo ambalo picha haina. Tuyaweke maelezo haya akilini tunapomwendea Welles.

Filamu iliyochukuliwa mikononi mwa mtunzi

Touch of Evil ilipigwa mwanzoni mwa mwaka 1957 kwa gharama za studio ya Universal. Mtaa wa Venice, California, ulitumika kuwakilisha mji mchafu wa mpakani kati ya Marekani na Meksiko. Mike Vargas, ofisa wa Meksiko anayepambana na wauza dawa za kulevya (aliyeigizwa na Charlton Heston), amemwoa Susan, Mmarekani (Janet Leigh). Bomu linalipuka mpakani na kumuua tajiri mmoja. Upelelezi unashikwa na Hank Quinlan, polisi mnene, mlevi wa zamani, mwenye sifa ya kukamata wahalifu kwa hisia za mguu wake mbovu. Quinlan ameigizwa na Welles mwenyewe. Vargas anagundua kwamba mzee huyu huwabambikia watuhumiwa ushahidi, na hapo vita vinaanza.

Welles alianza kuihariri, lakini kufikia nusu ya pili ya mwaka 1957 kazi ilikuwa imetoka mikononi mwake. Wakuu wa studio waliona filamu inachanganya watu. Waliipanga upya, kisha mwezi Novemba wakamwajiri mwongozaji mwingine, Harry Keller, apige maonyesho ya ziada ya kufafanua hadithi. Welles alionyeshwa matokeo mara moja tu. Tarehe 5 Desemba 1957 alimwandikia Edward Muhl, mkuu wa uzalishaji wa studio, waraka wa kurasa 58, akieleza pole pole, karibu kwa unyenyekevu, kila mahali ambapo mkato mmoja au sauti moja ingeweza kuiokoa filamu.

Hebu tutafakari kidogo hapo. Mtunzi amenyimwa kazi yake, na silaha pekee iliyobaki mkononi mwake ni kalamu. Hazungumzii falsafa wala hadhi yake kama msanii. Anazungumzia redio ya gari, muziki wa baa, onyesho hili lihamie kabla ya lile. Alijua kwamba filamu yake ingeishi au ingekufa katika vitu hivyo.

Studio ilifuata mapendekezo machache, mengi ikayaacha. Filamu ilitoka mwaka 1958 ikiwa na urefu wa dakika 95 hivi, ikapewa nafasi ya pili katika maonyesho ya filamu mbili kwa tiketi moja. Filamu iliyotangulizwa mbele yake iliitwa The Female Animal, na mwongozaji wake alikuwa huyohuyo Harry Keller. Mtu akitunga kejeli hiyo kwenye tamthilia tutamwambia ametia chumvi. Katikati ya miaka ya 1970 likapatikana toleo refu zaidi la dakika 108, lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya maonyesho ya majaribio. Lakini nalo halikuwa toleo alilolitaka Welles. Yeye alifariki mwaka 1985, waraka wake ukiwa bado haujatekelezwa.

Dakika tatu za mwanzo

Mwaka 1998 mtayarishaji Rick Schmidlin, kwa ridhaa ya Universal, alimpa waraka huo Walter Murch. Chaguo hilo halikuwa la bahati nasibu. Murch ni miongoni mwa watu wachache walioheshimika katika kazi zote mbili. Alikuwa mtu wa sauti wa Apocalypse Now ya 1979, na kwa The English Patient ya 1996 alipata Tuzo za Oscar za uhariri na za sauti kwa pamoja. Alifanya mabadiliko takriban 50 kwa kuufuata waraka. Nichukue mawili tu.

La kwanza ni mwanzo wa filamu. Mkono wa mtu unategesha bomu la saa na kulitia kwenye buti la gari. Kamera inapanda juu kwa winchi, inavuka mapaa, inashuka barabarani, inalifuata gari, inaliacha, inawapata Vargas na mkewe wakitembea kwa miguu, gari linarudi tena, wote wanafika kituo cha forodha. Kwa zaidi ya dakika tatu hakuna mkato hata mmoja. Kisha mlipuko.

Katika toleo la 1958 picha hiyo imefunikwa na majina ya waigizaji na mafundi. Juu yake unapigwa muziki wa Henry Mancini, ngoma na tarumbeta, mtamu sana. Lakini muziki huo unatuambia nini? Unatuambia tumekaa kwenye sinema, hadithi ya hatari inaanza, tustarehe. Majina nayo yanavuta jicho. Tunasoma badala ya kutazama.

Welles hakutaka hivyo. Alitaka muziki utoke mtaani kwenyewe, kila baa na wimbo wake, vipaza sauti vikigombana, sauti moja ikififia kamera inapopita na nyingine ikichukua nafasi. Murch na wenzake walipata bahati moja ya kihistoria. Maneno, muziki na sauti za mazingira vilikuwa vimehifadhiwa katika nyuzi tofauti kwenye hifadhi ya studio. Walipouondoa muziki wa Mancini, chini yake walikuta nyayo, magari na kelele za mtaa zilizokuwa zimefukiwa miaka 40. Majina yakahamishiwa mwisho wa filamu.

Tofauti ni kubwa, tena kubwa mno. Katika toleo la 1998 gari lenye bomu lina wimbo wake wa redio. Gari linapotoka nje ya picha bado tunalisikia, na linapokaribia tunalitambua kwa sikio kabla jicho halijaliona. Yaani hatari imepewa sauti, na sauti hiyo ni wimbo wa kustarehesha. Mwanamke aliyemo garini anapomlalamikia ofisa wa forodha kwamba anasikia mlio wa tiki-tiki kichwani, maneno yake yanatushtua, kwa sababu na sisi tumekuwa tukitega masikio muda wote. Hapa ndipo lile tamko la mwaka 1928 linapopata mfano wake. Picha inaonyesha watu wanaofurahia usiku, sauti inahesabu dakika za kufa kwao.

Kuna jambo jingine la kimaudhui. Mpaka ndio moyo wa filamu hii. Muziki mmoja wa Mancini unaupaka mji wote rangi moja. Nyimbo zinazogongana za baa mbalimbali zinatufanya tuusikie mpaka, lugha mbili na mataifa mawili yakisukumana katika barabara moja. Sasa mhakiki anayesema "mandhari ya filamu hii ni mji wa mpakani" bila kugusa sauti atakuwa amesema nini hasa?

Shoti moja, wahusika wawili

Badiliko la pili ni dogo sana, na kwangu mimi ndilo linalotisha zaidi. Quinlan ana msaidizi wake, Pete Menzies, anayempenda kwa sababu zamani mzee huyo alipigwa risasi iliyokuwa imwue Menzies. Vargas anamwita Menzies kwenye chumba cha kumbukumbu na kumwonyesha ushahidi wa uovu wa rafiki yake. Katika toleo la zamani kulikuwa na picha ya karibu ya uso wa Menzies, uso wa mtu anayebomoka. Katika waraka Welles aliomba picha hiyo iondolewe, akitoa sababu ya kiufundi tu, kwamba lenzi iliyotumika iliuharibu uso.

Murch amesimulia kwamba alipoiondoa ndipo alipoelewa. Ikiwapo, Menzies anaonekana amevunjwa na Vargas pale pale, na kuanzia hapo anafuata amri za mtu mwingine. Isipokuwapo, anaondoka chumbani akiwa bado mtu wa Quinlan. Baadaye anakuta fimbo ya mzee imesahauliwa mahali pa mauaji, na uamuzi wa kumsaliti rafiki anaufanya mwenyewe, kwa dhamiri yake. Menzies anapata utu. Vargas naye anabadilika, maana hatumwoni tena kama mtu anayevunja wengine ili apate anachotaka.

Shoti moja imetoka, wahusika wawili wamekuwa watu wengine! Hakuna mstari wa muswada uliobadilishwa wala mwigizaji aliyefanya jambo tofauti. Tukijifunza darasani kwamba mhusika hujengwa kwa maneno yake, matendo yake na yale wanayoyasema wengine juu yake, basi katika filamu tuongeze njia ya nne: yale ambayo mhariri ameamua tusiyaone.

Halafu tazama mwisho wa filamu. Menzies amefichiwa kipaza sauti mwilini, Vargas anawafuata kwa siri na kinasa sauti, Quinlan anajieleza mwenyewe bila kujua. Wanapopita darajani mzee anasikia mwangwi wa sauti yake ukitoka kwenye mashine huko chini, na hapo anajua amesalitiwa. Polisi aliyeishi kwa kutunga ushahidi anaangushwa na ushahidi ulionaswa. Filamu ambayo hatima yake iliamuliwa kwenye chumba cha sauti inamalizia hadithi yake kwa mashine ya sauti.

Je, toleo la 1998 ni la Welles?

Hapa nataka tuwe waangalifu, kwani wapenzi wengi wa filamu hulishika toleo la 1998 kama msahafu. Welles alikuwa amefariki miaka 13. Waraka wake haukuwa wosia. Ulikuwa barua ya mtu anayebembeleza, aliyeandika akijua yapi studio ingeweza kuyakubali na yapi isingeyakubali. Alikuwa anarekebisha toleo lao, maana la kwake lilishavunjwa. Kwa hiyo kazi ya Murch ni usomaji wa waraka, tena usomaji mzuri, lakini hata msomaji mzuri hageuki kuwa mtunzi.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tusishangae. Al-Inkishafi tumeipokea kupitia miswada isiyolingana kikamilifu katika idadi na mpangilio wa beti, na kupitia wahariri kama William Hichens aliyeichapisha mwaka 1939. Hakuna mwalimu makini atakayekuruhusu uuhakiki utenzi huo bila kutaja umetumia toleo la nani. Kwa nini basi filamu tuiruhusu iingie darasani bila cheti cha kuzaliwa? Mwaka 2008 matoleo yote matatu ya Touch of Evil yalitolewa pamoja kwenye DVD. Kisingizio cha kutoyaona kimepungua.

Nani anafafanua, na kwa nini?

Tumeona kwamba studio iliongeza maonyesho ya Keller ili kufafanua. Neno hilo, kufafanua, linarudi mara nyingi katika historia ya filamu zilizobadilishwa. Blade Runner ya Ridley Scott ilipotoka mwaka 1982 iliwekewa sauti ya shujaa wake, Harrison Ford, akieleza mambo ambayo picha ilikuwa imeyaeleza, pamoja na mwisho wa furaha uliotumia mabaki ya picha za milima zilizopigwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick. Toleo la 1992 liliondoa maelezo na mwisho huo. Filamu ya upelelezi iliyoshikwa mkono ikageuka kuwa filamu ya mashaka, mtazamaji akijiuliza hata kama shujaa mwenyewe ni binadamu.

Na sisi Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha jaribio la filamu za elimu kutoka Vugiri, Usambara. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakarekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, ili picha ileile iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Nani alikuwa na haki ya kuisemea picha? Mkoloni. Mkulima aliyemo ndani ya picha aliona mdomo wa mtu mwingine ukizungumza juu ya shamba lake.

Miaka mingi baadaye, katika vibanda vya video, mambo yaligeuka. Wasimulizi kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walizichukua filamu za kigeni zilizokamilika, wakaweka sauti zao juu, wakawapa wahusika tabia na matani ya mitaani kwetu. Wapo wasomi wanaodai kwamba hao waliziharibu filamu. Mimi sikubali. Kwa kipimo cha matini asilia, ndiyo, kilichosikika kibandani si kile alichokitunga mwongozaji. Lakini tulinganishe nia. Studio iliongeza ufafanuzi kwa sababu haikumwamini mtazamaji. Mkoloni aliongeza ili amtawale. Msimulizi wa kibandani amekaa upande wa watazamaji na kuwasemesha kama mtambaji wa ngano anavyoisemesha hadhira yake, naye amewafungulia mlango wa lugha uliokuwa umefungwa. Kazi ya kiufundi ni ileile, yaani sauti mpya juu ya picha ya zamani. Uhusiano wa kijamii ndio tofauti, na uhusiano huo ni wajibu wa mhakiki kuuchunguza.

Hitimisho

Basi ndugu wasomaji, nadhani imedhihirika kwamba filamu "iliyokamilika" ni jina tu la mahali ambapo mwenye fedha aliamua kazi ikome. Touch of Evil ilikamilika mwaka 1958 kwa sababu studio ilisema imekamilika. Ilifunguliwa tena mwaka 1998 kwa sababu studio hiyohiyo iliridhia ifunguliwe. Mkasi ulibaki mikononi mwa mwenye mtaji nyakati zote mbili, na ni bahati yetu kwamba mara ya pili ulishikwa na mtu aliyekuwa tayari kuusoma waraka.

Ninapendekeza mambo matatu kwa semina zetu. Kwanza, kila makala juu ya filamu itaje toleo na mwaka wake. Pili, mhariri na mtu wa sauti watajwe kwa majina, na kazi yao ichambuliwe chini ya fani kama tunavyochambua mtindo na muundo. Tatu, tujizoeze kuitazama sehemu ya filamu mara mbili, mara moja sauti ikiwa imezimwa, mara nyingine macho yakiwa yamefumbwa. Atakayelifanya zoezi hilo kwa zile dakika tatu za kwanza za Touch of Evil, katika matoleo yote mawili, atakuwa na la kujadili kuliko yule aliyekariri muhtasari wa hadithi.